Akiba ya Kompyuta Nayo Huingiwa na Fukusi

Wazee wetu walisema akiba haiozi. Lakini mama yeyote wa Njombe aliyepata kuhifadhi mahindi ajua kwamba neno hilo lina masharti yake. Akiba haiozi kama imekauka vema, kama kihenge hakivuji, na kama mwenyewe huingiza mkono mara kwa mara kutazama hali ya punje. Asiyetazama huja kufungua mwezi wa pili, wakati chakula kimepungua, akakuta dumuzi na fukusi wamekwisha kula, nao wamemwachia vumbi. Na gunia kwa nje lilionekana zima kabisa.

Leo, ndugu msomaji, twataka kuzungumza nawe juu ya akiba ya namna nyingine, yaani nakala ya mambo yaliyomo ndani ya kompyuta. Zamani kompyuta ilikuwa kitu cha ofisi kubwa za Dar es Salaam. Siku hizi utaikuta Makambako katika duka la mbao, utaikuta Njombe nyumbani kwa mwalimu, na utaikuta mezani kwa katibu wa chama cha wakulima wa parachichi. Watu wengi wamekwisha kusikia kwamba yafaa kuweka nakala, na baadhi yao wameiweka kweli. Lakini waliopata kujaribu kuirudisha nakala hiyo, ili waone kama itafaa siku ya shida, ni wachache. Habari yetu ya leo ni hiyo.

NYUMBA MOJA YA MAKAMBAKO

Tutwae mfano. Nyumba hii tumeitunga sisi, lakini huenda ukaona inafanana na yako au na ya jirani yako.

Makambako, kama ujuavyo, ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukutana hapo na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo yapita hapo hapo. Baba wa nyumba yetu anauza mbao. Mama ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, chenye akina mama thelathini. Binti yao mkubwa ni mwalimu huko Njombe. Sebuleni pana kompyuta moja, na ndani yake mna madeni ya wateja wa mbao, hesabu za kikundi za miaka minne, vyeti vya watoto vilivyopigwa picha, na picha za bibi aliyefariki, ambazo hazipo mahali pengine popote.

Alhamisi moja ya mvua za Machi, mama anaandika marejesho ya wiki. Umeme unakatika, unarudi, unakatika tena. Unaporudi mara ya pili, mama anawasha kompyuta. Kioo kinakuwa cha buluu chenye maandishi meupe, kisha mashine inajizima, inajiwasha, na kujizima tena. Mama anajishika kichwa. Haiwazi kompyuta, maana kompyuta hununuliwa nyingine. Anawaza Jumamosi, siku ya mgawo. Mweka hazina asiyeweza kuonyesha hesabu za watu atasema nini? Atasema kompyuta imeharibika. Baadhi watamwamini, na baadhi watatazamana tu bila kusema neno. Kwa mwanamke aliyejenga jina lake kwa miaka minne, kule kutazamana ni hasara kubwa kuliko bei ya mashine.

KWANZA UTULIE

Ni jambo gani limetokea humo ndani? Kompyuta huandika katika diski yake wakati wote, hata wewe ukiwa umekaa kimya. Umeme ukikatika ghafula, huwa kama karani aliyenyang'anywa kalamu katikati ya mstari. Mara nyingi diski yenyewe ni nzima, lakini ile orodha ionyeshayo kila faili liko wapi imevurugika, au faili moja lile ambalo mashine hulihitaji ili iamke limeandikwa nusu. Basi mashine hujaribu kuamka, hushindwa, hujaribu tena, na hushindwa tena.

Hapo watu wengi hufanya kosa la kwanza. Humkimbilia kijana mwenye meza ya ufundi barabarani, naye husema, "Hii ni kazi ndogo, nitakupigia Windows mpya." Mafundi wengi ni waaminifu na wanaijua kazi yao. Lakini kupiga Windows mpya juu ya diski ile ile kwaweza kufuta kila kilichokuwamo, hata vile ambavyo vingeweza kuokolewa. Kwa hiyo, kabla hujamkabidhi mtu mashine yako, muulize swali moja: "Mafaili yangu utayatoa kwanza, au utaandika juu yake?" Fundi mwema hatachukia kuulizwa.

Kosa la pili ni kuwasha na kuzima mara kumi ukitumaini bahati. Sikiliza kwanza. Kama kompyuta ina diski ya kuzunguka, nayo inatoa sauti ya kugonga au kukwaruza, zima na usiwashe tena. Hapo ugonjwa ni wa chuma, na kila ukiwasha unaongeza jeraha. Lakini kama haina sauti yoyote mbaya, kuna jambo moja la hekima la kufanya kabla ya mengine yote. Fundi aiamshe mashine kwa flashi yenye mfumo wa Linux, ambao hukimbia kutoka katika flashi yenyewe bila kuandika kitu katika diski. Kisha anakili katika diski nyingine kila anachoweza kukisoma, hasa kazi za siku za mwisho. Hilo ni kama kutoa vyombo nje kabla ya kuanza kubomoa ukuta ulioegama.

SANDUKU LA AKIBA

Mama wa mfano wetu ana jambo la kumfariji. Mwaka uliopita binti yake alileta sanduku dogo lenye diski ndani, akaliunganisha na ruta ya nyumbani. Kila jioni kompyuta hutuma nakala katika sanduku hilo kwa njia ya mtandao wa nyumba, bila mtu kushika kitu. Si lazima liwe sanduku la kununua dukani. Hata kompyuta kuukuu iliyowekwa kando, yenye diski nzima, yaweza kufanya kazi hiyo.

Yafaa ujue kwamba nakala ni za namna mbili. Ya kwanza ni nakala ya mafaili, yaani barua, hesabu na picha tu. Ya pili ni picha nzima ya kompyuta, yaani mafaili pamoja na Windows, programu zote na mipangilio yake. Ya kwanza ni kama kuwa na vyombo vyako vyote vimehifadhiwa kwa jirani, huku nyumba utajenga mwenyewe. Ya pili ni kama kurudishiwa nyumba pamoja na vyombo vyake, kila sufuria mahali pake. Picha nzima hula nafasi kubwa, lakini humwokoa mtu asiye fundi, maana hataanza kutafuta programu moja moja. Mwenye kompyuta ya Apple huipata kazi kama hiyo kwa programu iitwayo Time Machine, iliyoanza mwaka 2007. Katika Windows ziko programu za kutosha, nyingine za bure.

KURUDISHA, HATUA KWA HATUA

Ijumaa asubuhi binti anapanda basi kutoka Njombe, kilomita kama 60, na kazi inaanza. Fuatana nao, ndugu msomaji, nawe uhesabu ni vitu vingapi kati ya hivi ulivyo navyo nyumbani kwako leo.

Kwanza yatakiwa flashi ya kuamshia. Mashine iliyolala haiwezi kusoma sanduku la akiba mpaka iamshwe na kitu kingine. Flashi hiyo hutengenezwa katika kompyuta nzima, kwa programu ile ile iliyotumika kuweka nakala, au kwa Windows yenyewe. Ya gigabaiti 16 au zaidi ndiyo salama. Ukiitengeneza mapema na kuiandika jina lake kwa kalamu, utajiokolea siku nzima.

Pili ni maneno ya siri. Sanduku lina jina lake katika mtandao, lina jina la mtumiaji, na lina neno la siri. Yote matatu yataulizwa. Tena kompyuta nyingi mpya za Windows huifunga diski kwa kufuli iitwayo BitLocker, na ukitaka kuifanyia matengenezo huulizwa ufunguo wenye tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa katika akaunti yako ya Microsoft. Mtu aliyeandika maneno yake yote ya siri ndani ya kompyuta iliyokufa ni sawa na aliyefungia ufunguo wa nyumba ndani ya nyumba. Yaandike katika karatasi, uiweke pamoja na hati za shamba.

Tatu ni waya. Mashine iliyoamshwa kwa flashi mara nyingi haiwezi kutumia mtandao wa hewani, kwa kuwa programu ndogo za kuuendesha hazimo. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya wa mtandao. Tena waya una mbio. Tuseme nakala ni ya gigabaiti 200. Kwa ruta ya kawaida ya zamani, ambayo hupitisha kama megabaiti 11 kwa sekunde, kazi itachukua karibu saa tano. Kwa ruta na waya wa gigabiti, huweza kwisha chini ya saa moja, kama diski zenyewe zina mbio.

Nne ni umeme. Ile betri ya kompyuta iitwayo UPS hushika dakika chache tu, yatosha kuzima kwa adabu, haitoshi saa tano. Anza asubuhi, siku isiyo na radi, na kama jirani ana jenereta zungumza naye mapema. Umeme ukikatika katikati ya kurudisha, usikate tamaa. Nakala iliyo katika sanduku ilikuwa ikisomwa tu, haikuandikwa juu, kwa hiyo kwa kawaida hubaki salama. Utaanza tena mwanzo.

Tano ni kuchagua siku. Programu itakuonyesha orodha ya nakala kwa tarehe, nawe utachagua utakayo. Kisha itakuonya kwamba kila kitu kilichomo katika diski sasa kitafutwa. Onyo hilo ni la kweli, na ndiyo maana tulisema utoe kwanza kile kiwezacho kutolewa. Kama unarudisha katika diski mpya, isiwe ndogo kuliko ile ya zamani, maana programu nyingi zitakataa.

MAMA AKUTA FUKUSI

Binti anafungua orodha. Nakala ya Alhamisi ipo, lakini haijakamilika, kwa kuwa ilikatika pamoja na umeme. Hilo halikumshangaza. Anatazama ya Jumatano, haipo. Ya Jumanne haipo, wala ya Jumatatu. Sanduku lilijaa tangu Jumapili usiku, na kila jioni liliandika onyo katika kona ya kioo, na kila jioni mtu wa kwanza aliyeketi alilifunga onyo hilo ili aendelee na kazi yake.

Ya Jumapili ilikuwa nzima. Wanairudisha, na saa kumi za jioni kompyuta inaamka kama kawaida, ikiwa na picha ya bibi kwenye kioo. Mama anakaa chini, anapangusa macho kwa upande wa kanga. Lakini marejesho yaliyoandikwa Jumatatu hadi Alhamisi hayapo. Wanafanyaje? Usiku ule mama anawapigia simu wenzake, naye anawaeleza ukweli wote bila kuficha. Jumamosi kila mmoja anakuja na kitabu chake cha mwanachama, na kwa vitabu hivyo wanazijaza siku nne zilizopotea, mstari kwa mstari, mbele ya wote. Karatasi ikaisaidia kompyuta. Usikitupe kitabu cha mwanachama ati kwa kuwa una mashine.

Huenda ukasema, mambo kama hayo hutokea kwa watu wasio na ujuzi. Sivyo. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuwatunzia waandishi wa programu wa dunia nzima kazi zao, ilipatwa na jambo hilo hilo. Fundi wao mmoja, akiwa amechoka usiku, alifuta data katika mashine ambayo siyo. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuweka nakala. Walipozigeukia, waliona kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Njia mojawapo ilikuwa imeshindwa kimya kimya, na barua za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani, hakuna aliyezipata. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi mmoja aliichukua kwa mkono, saa sita kabla, kwa ajili ya majaribio yake. Kazi za watu za saa hizo sita zilipotea. Kampuni ilisifiwa kwa jambo moja, kwamba ilieleza yote hadharani tangu usiku ule ule.

Kisa cha pili kitawafurahisha akina mama. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar huko Marekani ilikuwa ikitengeneza filamu ya katuni iitwayo Toy Story 2. Mtu mmoja aliamuru kompyuta ifute, na kabla hawajawahi kuizuia, sehemu kubwa ya filamu ilikuwa imekwenda. Walipogeukia nakala za kampuni, waliona kwamba nazo zilikuwa na kasoro kwa muda mrefu bila mtu kujua. Lakini bibi mmoja, Galyn Susman, mkubwa wa mafundi wa filamu ile, alikuwa amejifungua mtoto, na ili aweze kufanya kazi akiwa nyumbani alikuwa na nakala katika kompyuta ya nyumbani kwake. Waliifunga kompyuta hiyo kwa mablanketi, wakaiendesha polepole kwa gari hadi ofisini, na filamu ikaokoka. Ilionyeshwa mwezi Novemba 1999. Akiba ya kampuni kubwa ilikuwa imeliwa na fukusi, na akiba ya mama mwenye mtoto mchanga ilikuwa nzima.

KIHENGE CHA PILI KIWE NJOMBE

Kisa hicho kinatufundisha jambo jingine, nalo ni kwamba nakala moja iwe mbali. Katika nyumba yetu ya Makambako, sanduku lilikuwa mita moja kutoka kompyuta. Mwizi angechukua vyote viwili. Moto ungeteketeza vyote viwili. Radi, ambayo watu wa nyanda hizi waijua sana, huingia kwa waya mmoja na kuunguza kila kilichounganishwa nao.

Tena kuna mwizi asiyeingia kwa mlango. Tarehe 12 Mei 2017 virusi viitwavyo WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150, vikayafunga mafaili ya watu kwa kufuli na kudai fedha ili yafunguliwe. Hospitali nyingi za Uingereza zilivurugikiwa na kazi. Virusi vya namna hiyo hutembea katika mtandao, na vikilikuta sanduku lililo wazi, hulifunga nalo pia. Ndiyo maana yafaa nakala moja isiwe imeunganishwa na kitu chochote.

Baada ya Jumamosi ile, familia yetu inanunua diski mbili za nje. Moja inakaa Makambako kupokea nakala, nyingine inakaa Njombe kwa binti, katika sanduku lake la nguo. Kila mwisho wa mwezi binti ajapo kuwasalimu wazazi, diski hubadilishana safari. Nauli ni ile ile ambayo angelipa kwa vyovyote.

Wengine watauliza, kwa nini nisiweke akiba yangu katika intaneti, yasiishe haya yote? Weka, ni jambo jema kwa mafaili machache yaliyo muhimu sana. Lakini picha nzima ya gigabaiti 200 itakula bando la simu la miezi mingi, kwenda na kurudi. Na tena njia yaweza kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania na ya nchi jirani ikazorota siku kadhaa. Mtu ambaye hesabu zake zilikuwa katika intaneti pekee alingoja. Mwenye diski nyumbani aliendelea na kazi.

Wataalamu wa mambo haya wana kanuni fupi. Uwe na nakala tatu za kila jambo, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe mahali pengine. Wala si hekima ngeni. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliagiza kwamba kila mwisho wa mwaka paroko apeleke kwa Askofu nakala halisi ya vitabu vya parokia, vikiwamo vya ubatizo na ndoa. Waliijua dunia. Walijua kwamba nyumba huungua na mchwa hula, na kwamba mtu akija baada ya miaka arobaini kutafuta jina la baba yake, ni lazima alikute.

Lakini kumbuka kwamba nakala ikisafiri, siri za watu zasafiri nayo. Hesabu za kikundi si mali ya mweka hazina peke yake. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Basi diski iendayo Njombe ifungwe kwa neno la siri, na neno hilo wajue watu wawili, ili mmoja akiugua au akifariki, mwingine aweze kufungua.

JUMAMOSI MOJA TU

Sasa, ndugu msomaji, hatutaki usome haya kisha ulikunje gazeti. Twakuomba Jumamosi moja, baada ya kufua na kabla ya kwenda sokoni, ufanye jaribio dogo.

Chagua mafaili mawili, picha moja uipendayo na hesabu moja unayoitegemea. Usiyafute. Unda folda mpya tupu, kisha uirudishe humo ile picha na ile hesabu kutoka katika nakala yako. Usitosheke kuona majina yake, maana jina laweza kuwapo na ndani pasiwe na kitu. Fungua picha uitazame. Fungua hesabu usome mstari wa mwisho, uone ni wa tarehe gani. Kama ni wa jana, mshukuru Mungu. Kama ni wa mwezi wa sita mwaka jana, mshukuru pia, kwa kuwa umejua mapema, umeme ukiwapo na mashine ikiwa nzima.

Tena tazama kama sanduku lina nafasi, na kama linaweka nakala za siku mbalimbali au linaandika mpya juu ya ile ya jana. Hili ni jambo kubwa. Faili likiharibika leo, na nakala ya leo ikaandikwa juu ya ile ya jana, basi umenakili ugonjwa na kuitupa afya. Uwe na nakala za siku saba, za majuma manne, na za miezi michache. Programu nyingi hufanya hivyo zenyewe ukiziagiza mara moja.

Fanya jaribio hili kila miezi mitatu. Mara moja kwa mwaka, ukipata diski ya ziada, mwite fundi mrudishe picha nzima katika diski hiyo, mwone kama mashine itaamka nayo. Tarehe ya jaribio iandike katika daftari, pamoja na jina la aliyelifanya. Na usilifanye peke yako. Mwite mwenzako, mwite mtoto wa sekondari, wajue sanduku liko wapi na karatasi ya maneno ya siri iko wapi. Mara nyingi mwenye ujuzi ndiye aliye safarini siku ya shida.

Mama wa Njombe hangoji njaa ndipo afungue kihenge. Huingiza mkono mwezi wa tisa, mahindi yakiwa tele, akatoa punje chache, akaziuma. Akiona unga, huanika upya siku hiyo hiyo, na jua lingalipo. Nawe fanya vivyo hivyo kwa akiba yako. Jumamosi hii yatosha.